Respicius Mpasha-Maji na Kochi la Mama Eliakunda

Jongeeni, enyi nyote mliowahi kuvaa koti ndani ya nyumba zenu wenyewe. Jongeeni, mliokunywa chai mikono ikiwa ndani ya glavu, nanyi mliowapigia simu ndugu zenu huko nyumbani mkawadanganya kwamba baridi mmeshaizoea. Zimeni televisheni, watulizeni watoto, na mwenye zamu kiwandani na aahirishe usingizi wake kidogo, kwa maana nataka kuwasimulia habari za vita ambavyo hakuna mwandishi wa tarehe aliyejisumbua kuviandika: vita vilivyopiganwa mjini Buffalo, katika Februari ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, baina ya msomi mmoja na sebule moja. Nitasimulia jinsi Respicius wa Bukoba, mpasha-maji, bwana wa chembe zisizoonekana, alivyotoka Louisville akapitia Columbus akiwa na dumu moja la silaha, akalikabili joto lililokuwa limejificha, akalitoa mafichoni kwa nguvu za mikono yake. Nikitia chumvi mnivumilie. Bila chumvi hamtaimaliza hadithi.

Kwanza mumjue shujaa. Respicius alikuja Louisville kusomea udaktari wa uhandisi, naye aliusomea kwa muda mrefu kiasi kwamba wenzake aliokuja nao walikwisha kuhitimu, wakaoa, na baadhi yao wakaachana, yeye bado yumo maabara akichemsha maji. Lakini hayakuwa maji matupu. Ndani yake alitia chembe za alumina, madini meupe kama unga, na chembe za shaba, ndogo mno hata ukizipanga elfu moja katika mstari hazifikii unene wa unywele, na maji hayo yaliyooa wake wawili, wasomi wameyapa jina la kimiminika mseto. Inasemekana kwamba maji ya namna hiyo hubeba joto na kulitua upesi kuliko maji yetu ya bombani. Nasema inasemekana kwa sababu dunia imejaa wasomi wanaosema hivyo. Mmoja akitia shaba, wa pili hutia fedha, wa tatu hutia kaboni, kila mmoja huwashinda wenzake kwa asilimia kadhaa, na wote humalizia makala zao kwa kunena kwamba utafiti zaidi unahitajika, yaani wasije wakaondolewa maabara.

Yeye Respicius asilimia zake zilikuwa kumi na nane. Alizipata katika bomba moja fupi, lililonyooka, lililozungushiwa nyaya za umeme kwa adabu, ndani ya chumba ambamo hakuna mtu anayeishi, anayepika wala anayepokea wageni. Alizipenda asilimia hizo kama mtu anavyompenda mtoto aliyechelewa kuzaliwa, na hakuna ubatizo, harusi wala matanga ya Waafrika wa Mashariki mjini Louisville ambako hakuzitaja. Zile chembe zilikuwa na tabia moja mbaya, ambayo katika makala yake aliitaja kwa maneno machache na kwa herufi ndogo: zikiachwa zitulie, hushuka chini zikalala, na maji yakabaki kuwa maji. Ilibidi zitikiswe daima. Jambo hilo halikumkosesha usingizi, kwa sababu maabara ilikuwa na mashine ya kutikisa.

Sasa mumjue na yule aliyepiganiwa. Rozina alikuwa mfamasia mjini Buffalo, binti wa Kipare mwenye macho makali na maneno machache, ambaye Respicius alikutana naye kwenye harusi huko Columbus akamweleza habari za asilimia kumi na nane mpaka keki ikaisha. Rozina alimsikiliza, akacheka mahali pa kuchekea, na mwisho akampenda, jambo ambalo hadi leo hakuna utafiti uliolieleza. Lakini Rozina alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa Eliakunda, mwenye nyumba, malkia wa makochi, ambaye bila neno lake hakuna posa iliyovuka kizingiti. Mchumba aliyetangulia alijiita daktari, na ikaja kubainika kwamba udaktari wenyewe aliupata kwa posta, hata Mama Eliakunda akaapa kwamba msomi mwingine hatapokewa kwa maneno. Basi Rozina alipomtajia huyu mpya na kazi yake, mama alitoa amri ambayo Rozina aliifikisha Louisville kwa simu, neno kwa neno.

“Anasomea joto, sivyo? Sebule yangu ni barafu tangu nihamie nyumba hii. Aje aipashe. Akiipasha nitapokea posa yake. Akishindwa nitajua hata hilo joto ni maneno, na asinipigie tena.”

Hapo ndipo damu ya shujaa ilipochemka. Rozina alimweleza kwamba fundi wa mabomba alikwisha kuja, akashuka chini ya nyumba, akaishika boila inayochemsha maji ya kupasha nyumba, akasema ni nzima, akaondoka. Respicius alicheka cheko la wakuu. Fundi, alisema, anajua mabomba, lakini hajui kinachopita ndani ya mabomba. Akaahidi kwamba ataiingiza asilimia kumi na nane katika nyumba ya Mama Eliakunda, na kwamba sebule ile itakumbuka siku hiyo. Kumbe alikuwa amejifunga kitanzi mwenyewe, kwa maana sasa mwanamke wake na asilimia zake vilikuwa kwenye mizani moja.

Ikafika siku ya kuondoka, na shujaa akavaa silaha zake. Alivaa suti ile ile aliyoitumia kwa mikutano ya kitaalamu. Mfukoni akatia kipimajoto chenye umbo la bastola, ambacho ukikilenga kitu na kubonyeza hukuambia ujoto wake bila kukigusa. Mkononi akashika dumu la manjano lililojaa kimiminika mseto, cheusi kama masizi yaliyokorogwa. Gari lake lilikuwa zee na hita yake ilikwisha kufa siku nyingi, wala yeye bingwa wa joto hakuwahi kuifufua, kwa kuwa ilikuwa chini ya kiwango chake. Jirani yake Karaha, Mkongo wa Kivu aliyekuwa akirudi kutoka kazini ghalani, alimkuta akitetemeka kwenye usukani, akavua koti lake nene akamtupia mapajani.

“Bon, Docteur, vaa hii manteau yangu,” akasema. “Unaenda kupasha nyumba ya watu na gari yako yenyewe iko froid. Donc ujipashe kwanza weye.”

Shujaa alilivaa koti na akalipuuza neno. Akaifuata barabara kuu kuelekea kaskazini mashariki, huku akiendesha kwa mkono mmoja na kulitikisa dumu kwa mkono wa pili, kwa maana ile mashine ya kutikisa ilibaki maabara. Hata alipoingia Columbus jioni, bega lake la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Alilala Hilliard, kitongoji cha mji huo, nyumbani kwa mshenga wake, Ephraim Cheruiyot, Mkenya wa kampuni ya bima, mtu aliyeweza kumuuzia bima ya mafuriko mkazi wa mlimani na akashukuriwa. Watanzania wengi walikuwa wakikicheka Kiswahili chake, lakini hakuna aliyewahi kumnyamazisha, na kwa kazi ya ushenga sifa hiyo ya pili ndiyo inayohesabika.

Alfajiri waliondoka wawili, na dumu likahamia katikati ya magoti ya mshenga. Hapo ndipo yalipoanza mateso ambayo Cheruiyot huyasimulia mpaka leo bila kuombwa. Kutoka Columbus mpaka Cleveland, na kutoka Cleveland kando ya lile ziwa lililoganda mpaka Buffalo, alilisukasuka dumu huku na huku, tai ikimpiga usoni, pumzi ikitoka kama moshi. Madereva waliowapita walipunguza mwendo wamtazame. Kila alipotaka kupumzika, Respicius alimhutubia kwa sauti ya jemadari, akamsihi asiziache chembe zilale, akamkumbusha kwamba mataifa huanguka kwa sababu ya askari mmoja aliyeweka silaha chini ili ajikune.

“Boss,” akasema Cheruiyot walipokuwa wakiukaribia mji, “mimi nilikuja kuongea. Sikujua nimekuja kutengeneza maziwa ya mgando. Hii mkono ikikauka, nani atakushikia pete siku ya harusi?”

Wakafika adhuhuri. Theluji ilikuwa imepanda mpaka madirishani, na nyumba ya Mama Eliakunda ilikuwa imesimama katikati yake, ya mbao, ya ghorofa moja juu, na bomba la moshi likifuka kwa bidii. Rozina aliwafungulia mlango akiwa na sweta mbili na kofia ya sufu. Aliliangalia dumu, akamwangalia Respicius, akasema karibuni. Shujaa aliona machoni mwake kwamba ameogopa, na kwa mara ya kwanza tangu Louisville akajiuliza kama asilimia kumi na nane zinatosha.

Sasa niwaeleze uwanja wa vita, msije mkapotea. Sebule ya Mama Eliakunda ilikuwa imejaa makochi. Makochi ya watu watatu, ya watu wawili, viti vya mtu mmoja, vyote vimepangwa kuzunguka kuta nne bila kuacha nafasi ya kupitisha mkono, kama sebule yoyote yenye heshima kutoka Same mpaka Nakuru, na katikati kukabaki uwanja wa zulia na meza moja yenye maua ya plastiki. Kila kochi lilivalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma: cha kichwani, vya mikononi, na juu ya mgongo kingine kirefu kilichoning'inia nyuma mpaka sakafuni. Mama Eliakunda alivifuma mwenyewe, jioni baada ya jioni, akisubiri wageni. Makochi yale aliyanunua siku aliyohamia ili wageni wakija kutoka Louisville na Columbus na kwingineko, asiwepo hata mmoja wa kukaa kwenye kiti kigumu. Wageni wenyewe walikuwa na zamu. Walipiga simu. Waliokalia makochi yale walikuwa yeye na binti yake, na binti naye alikuwa kazini muda mwingi.

Kwenye kochi refu kuliko yote, lililoegemezwa ukuta wa mbali, ndipo alipokaa malkia mwenyewe, miguu imefungwa blanketi, kilemba kichwani. Respicius alimwamkia shikamoo kutoka mlangoni, akajibiwa marahaba kwa sauti isiyoahidi kitu, kisha akaonyeshwa kigoda kilichokuwa karibu na viatu. Hapo ndipo mahali pa mkwe mtarajiwa. Hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni kwa muda mrefu, na Mungu apishe mbali asije akamwambia inuka. Sheria hiyo imekuja na ndege pamoja nao, ikapita uwanjani bila kukaguliwa.

Cheruiyot alisimama, akajifuta jasho, akafungua kinywa. “Mama, sisi tumetoka mbali, na hatukukuja mikono mitupu. Huyu kijana unaona hapa amebeba dawa. Hii si maji ya kawaida, Mama. Hii ni maji imesoma. Ikiingia kwa bomba zako, hata hao majirani watakuja kuomba joto hapa.”

Mama Eliakunda alimsikiliza mpaka mwisho, akasema majirani zake ni watu wazuri lakini wasije wote kwa siku moja. Respicius, macho yakiwa kwenye zulia, akauliza kwa heshima rejeta la sebule liko wapi, lile la chuma linalopitisha maji ya moto.

“Liko nyuma yangu hapa,” akajibu mama. “Nyuma ya kochi. Limekuwepo siku zote, wala silioni faida yake. Mimi nakaa hapa mgongo unaniungua na miguu ni barafu. Daktari anasema ni uzee.”

Msomaji mwenye akili, nawe msikilizaji hapo nyuma unayecheka, najua mmeshasikia. Hata yule mtoto anayejifanya amelala amesikia. Aliyekosa kusikia ni mtu mmoja tu katika chumba kile, naye ndiye aliyekuwa akisomea uhamishaji wa joto. Alitikisa kichwa kwa huruma, akampa mama pole ya mgongo, akainua dumu lake, akashuka ngazi kwenda chini ya nyumba.

Huko chini boila ilikuwa ikinguruma gizani, na mabomba yametoka kichwani mwake yakipanda juu kila upande. Shujaa alifungua koki, akayatoa maji kidogo, na kwa pampu ya mkono akakisukuma kimiminika mseto ndani ya mishipa ya nyumba ile, huku akitaja kwa sauti majina ya madini kama mtu anayeita majemadari. Kisha akaongeza moto wa boila, ili chembe zipate kuonyesha uwezo wao. Rozina alisimama kwenye ngazi akauliza kama kuna kitu kinaweza kupasuka. Respicius akamjibu kwamba kitakachopasuka ni rekodi.

Wakangoja. Alipanda juu, akaulenga ukuta kwa bastola yake, akashuka. Akapanda tena, akalilenga zulia, meza, maua ya plastiki. Sebule ilikuwa vilevile. Pumzi ya Cheruiyot, ambaye alikuwa bado akihutubia, ilionekana wazi hewani. Mama Eliakunda alijivutia blanketi mpaka kifuani, na kitendo hicho kilimchoma Respicius kuliko tusi.

Ndipo alipofanya jambo ambalo wanaompenda hawapendi lisimuliwe. Akaamini kwamba chembe zimelala. Akatafuta nyundo ya mpira, akaanza kuyapiga mabomba moja baada ya jingine, akiziita ziamke, akizilaumu kwa usaliti, akiziuliza ni kwa ajili ya hili alizilea miaka yote. Nyumba nzima ikalia kama kengele. Huko juu vitambaa vilitetemeka, na mshenga, mara ya kwanza katika maisha yake, alipoteza sentensi katikati.

Rozina alishuka haraka, akamshika mkono wenye nyundo. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba mama ameanza kuulizia kama barabara ya kwenda Columbus iko wazi, na si kwa ajili yake mwenyewe. Alimwambia pia kwamba kama ameshindwa aseme ameshindwa, kwa kuwa yeye hakumpendea asilimia. Respicius alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimpenda mwanamke huyu kwa kweli, na aliona wazi kwamba anakwenda kumpoteza mbele ya boila nzima isiyo na kasoro yoyote.

“Halafu mama anauliza,” akaongeza Rozina, “kama ndiyo dawa inayomchoma. Mgongo sasa umezidi. Anasema ni kama ameegemea chungu.”

Respicius aliinua kichwa. Akalitazama bomba linalopanda juu, akalilenga kwa bastola yake. Akalitazama lile linalorudi kutoka sebuleni, akalilenga nalo. Ujoto ulikuwa karibu sawasawa. Maji yalikuwa yakipanda na joto lake na kurudi na joto lake, kama mgeni aliyebisha hodi akakosa wa kumfungulia. Katika ukurasa wa kwanza kabisa wa masomo yake, ukurasa ambao anaufundisha kila mwaka kwa wanafunzi wanaosinzia, imeandikwa kwamba kabla hujashughulika na maji, tafuta kwanza mahali joto linapozuiwa. Alikuwa ameusoma ukurasa huo mara nyingi mno. Hakuwahi kuufikiria una kochi ndani yake.

“Mungu wangu,” akasema polepole. “Ameegemea rejeta.”

Lakini kujua ni jambo moja, na kumwinua mama mkwe ni jambo jingine. Alipanda juu akamnong'oneza mshenga, na mshenga, kwa ufasaha uliowahi kuuza bima kwa walio tayari kufa, akamwomba Mama Eliakunda apishe kidogo ili kochi livutwe. Mama Eliakunda alikataa kwa upole wa kutisha. Alisema mahali pale ndipo pake, na huwa hainuki pale ila kwa msiba au kwa mgeni mzito, wala mpaka sasa hajaona mgeni mzito. Tena makochi yalipangwa yakapangika. Likivutwa moja, wageni wakija watasema nyumba imevurugika.

Majeshi yalitazamana uwanjani. Hapo ndipo Respicius wa Bukoba, aliyekaa kwenye kigoda kama mtuhumiwa, aliposimama, akavua koti la Karaha, akavua na koti la suti, akakunja mikono ya shati, akavuka zulia lote akiwa ameinamisha macho, akasimama karibu na mkono wa kochi la malkia. Jambo alilosema hapo halikuwahi kusemwa na mkwe yeyote katika historia ya Wahaya na Wapare.

“Mama,” akasema, “sikuombi uinuke. Nakuomba ukae hivyo hivyo, na ushikilie.”

Akamwashiria Cheruiyot ashike upande wa pili. Wakainama. Wakavuta pumzi. Na kwa nguvu za mabega yaliyokwisha kuchoshwa na dumu kutoka Louisville, kochi la watu watatu likaondoka sakafuni, na Mama Eliakunda akiwa juu yake, kilemba wima, blanketi likining'inia, mkono mmoja umeshika kitambaa na mwingine umeshika mdomo. Alipaa. Mishipa ya shingo ya mshenga ilisimama. Walipiga hatua moja, wakayumba, wakapiga ya pili, meza ya maua ikasalimu amri na kuanguka, wakamtua malkia juu ya zulia, shubiri chache tu kutoka ukutani, taratibu kama mtu anavyotua trei ya mayai.

Nyuma yao, lile rejeta likaonekana. Miaka yote lilikuwa pale, limefunikwa kitambaa kilichogeuka rangi ya chai, likiwaka kwa uaminifu kwa ajili ya mgongo wa mtu mmoja. Sakafuni kulikuwa na kitana, kijiko, rimoti ya televisheni iliyotafutwa mpaka ikanunuliwa nyingine, na kitabu cha nyimbo za kanisani. Kisha joto likatoka. Lilitoka na harufu ya vumbi lililoungua, likapita juu ya kochi, likafika kwenye meza iliyoanguka, likafika mpaka kwenye kigoda karibu na viatu. Rozina alivua kofia, kisha akavua sweta ya kwanza. Mama Eliakunda aliitoa miguu yake nje ya blanketi, akaitazama kama miguu ya mtu mwingine, akachezesha vidole.

Cheruiyot hakungoja baragumu. “Mama, si nilisema? Dawa imeshika. Hiyo ni ile maji imesoma, imechukua muda kidogo tu kupanda, kwa sababu ngazi yako ni ndefu. Sasa hiyo posa tuilete lini?”

Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipokuwa. Joto lilikuwepo. Dawa ilikuwa imetiwa, mashahidi waliiona. Nani angebisha? Wapo watu wenye vyeo na ofisi zenye madirisha ambao wamepanda kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mama Eliakunda alikuwa akimtazama Respicius, na uso wake, nawaapia, ulikuwa umeanza kulainika. Ilikuwa anyamaze tu. Rozina naye alikuwa akimtazama, sweta mkononi.

“Mama,” akasema Respicius, aliyekwisha kurudi kwenye kigoda chake, “dawa haikufanya kitu. Imelala huko chini kwenye mabomba. Ilikuwa ni kochi. Hata mimi ningejua mapema kama ningekusikiliza uliposema mgongo unakuungua.”

Mshenga alifumba macho kama mtu aliyeona gari lake likiburutwa. Mama Eliakunda aligeuka akalitazama rejeta, akakitazama kile kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, kilichozuia joto lisimfikie mtu yeyote isipokuwa yeye.

“Yule wa kwanza,” akasema mwishoni, “alikuwa daktari mpaka siku ya mwisho. Sikuwahi kumsikia akisema hajui kitu.” Akavuta pumzi. “Mimi sikusema uipashe kwa dawa. Nilisema uipashe.”

Kisha akaitazama sebule yake. Kochi refu sasa lilikuwa limesimama mbele, magoti yake yameyakaribia magoti ya kochi la upande wa pili, na ule uwanja wa zulia ukawa mdogo wa kutosha watu wanne kusikilizana bila kupaza sauti. Akauliza, bila kumwelekea mtu, sasa wageni wakija watakaa wapi. Rozina akamjibu taratibu, “Mama, wageni gani?” Lilikuwa neno kali, na hakuna aliyelifuta. Mama Eliakunda aliinamisha kichwa, akakunja blanketi mara mbili, akaliweka pembeni, na ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa akilijua jibu kabla ya kuuliza.

Halafu akafanya jambo. Akajisogeza. Malkia wa makochi, asiyeinuka ila kwa msiba au mgeni mzito, alijisogeza mpaka mwisho wa kochi lake, akapangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja, pale pale alipokuwa akiota joto la rejeta.

“Ondoka kwenye hicho kigoda,” akamwambia Respicius. “Njoo ukae hapa. Useme mwenyewe ulichokuja kusema.”

Cheruiyot alifungua kinywa.

“Wewe pumzika, mwanangu,” akasema mama. “Umebeba mizigo mingi leo.”

Najua mtaniuliza habari za tasnifu. Ilipita. Inasema asilimia kumi na nane, na inamalizia kwamba utafiti zaidi unahitajika. Kochi halikutajwa, kwa kuwa msimamizi wake alisema halina mlinganyo. Chembe zilitoka na maji machafu wakati boila iliposafishwa, na Karaha alirudishiwa koti lake bila kuulizwa kama alikuwa sahihi.

Lakini nyinyi andikeni yaliyo makubwa. Andikeni kwamba katika majira ya theluji, mjini Buffalo, kochi lilisogezwa shubiri chache, na falme tatu za Louisville, Columbus na Buffalo zikatetemeka. Andikeni kwamba majemadari walimbeba mwanamke bila kumwangusha. Andikeni kwamba mtu mmoja alisema hajui, mbele ya mama mkwe, akiwa amevaa suti. Na mwisho, kwa wino mzito, andikeni kwamba Respicius wa Bukoba, mpasha-maji, alivuka zulia mara ya pili siku ile, akafika kwenye ile nafasi iliyopanguswa, na akakaa.